Siku Tatu Mji Mkongwe na Mtoto wa Miaka Minne

Rafiki yangu wa tangu sekondari ameolewa Unguja, anaishi ndani ya Mji Mkongwe, mtaa wa Malindi. Mwaka jana alifiwa na mwanawe wa pekee, mvulana wa miaka mitano. Nilikwenda msibani, nikarudi Dar es Salaam, na shughuli zikanifunika. Aliponipigia simu mwaka huu akiniomba nikakae naye siku chache, sikufikiria nauli wala ruhusa ya kazini. Nilimfikiria binti yangu wa miaka minne. Ni uungwana gani kumpeleka mtoto mwenye kelele katika nyumba iliyonyamaza? Nikamwambia nitamwacha kwa bibi yake. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: “Shoga yangu, ukimwacha huyo, na wewe usije.”

Lilinisumbua pia jambo jingine. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando, akaitwa kwa jina la mwanawe. Sasa nitamwitaje? Nikimwita mama wa fulani, nitamtonesha kidonda. Nikirudi kwenye jina lake la usichana, itakuwa kana kwamba mtoto yule hakupata kuzaliwa. Niliamua nitamwita “shoga” siku zote tatu.

Boti ziendazo kasi huvuka kwa takriban saa mbili. Mzazi anayevuka na mtoto mdogo kwa mara ya kwanza namshauri aketi sehemu ya chini, katikati au nyuma, ambako mrusho ni mdogo. Kifungua kinywa kiwe chepesi, na nguo za kubadilisha ziwe mkononi mwake, si katika begi lililorundikwa pamoja na mizigo ya watu. Za kwetu zilikuwa kwenye begi. Tulipofika mkondo wa katikati nilijutia, na abiria wa jirani, Mungu amlipe kheri, akanipa leso yake.

Kutoka bandarini hadi kwa mwenyeji wetu ni mwendo wa dakika chache kwa mtu mzima. Sisi tulitumia karibu saa nzima. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na wageni wengi huutembea wakitazama juu, penye roshani na madirisha. Binti yangu aliutazama kwa kimo chake. Kila baraza la mawe lililojengwa ubavuni mwa nyumba lilikuwa la kupanda, kukalia na kushukia upande wa pili. Wazee waliokuwa wakizungumza walimsogezea nafasi bila kukatiza mazungumzo. Kwenye mlango mmoja wa nakshi alianza kuhesabu misumari ya shaba. Anajua kuhesabu hadi kumi tu, basi kila akifika kumi akaanza upya, nami nikawa nimesimama na begi kichwani. Magari hayaingii katika vichochoro hivi, lakini pikipiki na baiskeli hupita kwa kasi, hivyo mkono wa mtoto usiachiwe penye kona.

Majirani walikuwa wametusubiri. “Wageni wako hao!” waliita kutoka dirishani, wakimtaja rafiki yangu kwa jina la mwanawe, bila kusita hata kidogo. Mimi nilishtuka. Mwenyewe aliitika, akashuka ngazi, akampokea mtoto kabla ya kunipokea mimi.

Usiku tulikaa mkekani kula wali na mchuzi wa pweza. Binti yangu alikuwa amelisikia lile jina mchana kutwa. Akauliza kama huyu ni mama yake fulani, huyo fulani mwenyewe yuko wapi. Nilitamani ardhi ipasuke.

“Ametangulia,” akajibu mwenyeji wetu.

“Ametangulia wapi?”

“Kwa Mola wake, mwanangu.”

Mtoto akatafuna, akafikiri. “Alikuwa anapenda nini?”

Rafiki yangu aliweka kijiko chini. Akasema alipenda maji ya miwa ya Forodhani, yenye ndimu na tangawizi, na kwamba hakukubali kuchangia gilasi na mtu. Akaendelea. Akatueleza namna alivyowaogopa paka na kuwapenda mbuzi, na alivyojificha nyuma ya mlango baba yake akirudi kutoka msikitini. Alisema mengi hadi mtoto wangu akalala mapajani mwake. Alicheka mara mbili na kulia mara moja. Nami niliona haya, kwa kuwa tangu msiba ule, katika simu zote nilizompigia, sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu mwanawe.

Siku ya pili tulipanda mashua kwenda Changuu kuwaona kobe wakubwa, ambao kizazi chao kililetwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwa mtoto ni safari nzuri, lakini jua ni kali na kofia ni lazima.

Jioni, baada ya sala ya Magharibi, rafiki yangu alivaa buibui, akasema twende Forodhani. Hakuwa amekanyaga huko tangu msiba. Bustani ipo ufukweni, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Vijana walikuwa wakijirusha baharini kutoka ukutani, na binti yangu alitaka kuwafuata, kwa hiyo nilimshika kanga kama mbuzi. Wauza mishikaki na urojo walikuwa wameshawasha taa. Ulizeni bei kabla ya kuagiza. Kwenye mashine ya miwa rafiki yangu aliagiza gilasi tatu. Mtoto alitaka kuonja ya kwake. “Hii ya kwangu,” akasema, “wewe unayo yako.” Akainywa yote, polepole.

Siku ya tatu alitusindikiza bandarini. Tulikumbatiana, tukaingia kwenye foleni, na geti likawa kati yetu. Nikageuka, nikamwita kwa jina la mwanawe.

“Abee,” akaitika.