Nilivyoacha Ratiba ya Bweni

Ushuhuda wangu hauna pombe, hauna ajali wala mganga. Nasema mapema kwa sababu huku Nyeri mtu akishika maikrofoni kanisani, watu hutulia wasikie alivyotolewa shimoni. Mimi nilitolewa kwenye ratiba.

Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, upande wa Mathira, na nyumbani ni Ruring'u, mjini Nyeri. Nilikuwa nimeamua kusomea uzamili wa usimamizi wa biashara nje ya nchi, na shule nyingi nilizozitamani huuliza alama za GMAT au za mwenzake, GRE. GMAT ya sasa, iliyoanza Novemba 2023, huchukua saa 2 na dakika 15: sehemu tatu za dakika 45 kila moja, maswali 64 kwa jumla, alama kuanzia 205 hadi 805. Karatasini inaonekana ndogo. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ilituweka kwenye madawati wiki kadhaa.

Ratiba niliyoanza nayo ilikuwa ya bweni. Kila aliyesoma shule za malazi huku mlimani anaijua: prepu ya alfajiri, prepu ya usiku, wino mwekundu kwa hesabu, wa buluu kwa Kiingereza, karatasi ukutani. Ilitufaa wakati ule kwa kuwa yuko aliyepiga kengele, yuko aliyepika githeri, na yuko aliyelipa karo. Mtu mwenye mume, mtoto wa gredi ya pili na fakitori inayomngoja hana kengele. Ana simu, nayo hailii kwa ratiba.

Aliyenifumbua macho ni mwenyekiti wetu, mzee ambaye sidhani amewahi kusikia habari za GMAT. Nilimwendea kuomba ruhusa ya siku mbili mwezi wa Novemba, niende Nairobi nikafanye mtihani. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Madam, Novemba? Wewe kahawa huijui?"

Naijua. Mavuno makubwa ya Nyeri huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Kahawa iliyochumwa asubuhi hufikishwa fakitori siku hiyo hiyo, kwa sababu ikilala kwenye gunia huanza kuchacha. Wakulima huimwaga chini, wakatoa mbichi na zilizoiva kupita kiasi, ndipo ipimwe. Mashine ya kumenya hunguruma jioni mpaka usiku, karani anaandika kilo za kila mwanachama, na hesabu zile hunifikia mimi wakati watu wa mjini wamekwisha kula. Kupanga kusoma saa tatu usiku katika miezi hiyo ni kujidanganya kwa wino wa rangi mbili.

Nikaichukua kalenda ya fakitori nikaanza upya. Januari hadi katikati ya Machi kuna nafasi, basi hiyo ikawa miezi ya kurudia misingi: aljebra, asilimia, uwiano, mambo ambayo mhasibu anadhani anayajua mpaka aulizwe bila kikokotoo. Machi ikielekea mwisho, mvua ya masika huja na stima huenda, kwa hiyo kazi ya kompyuta nikaiondoa, nikabaki na vitabu na karatasi. Juni nikaiandika tupu. Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, na kila jirani, hata yule asiyenisalimia, hukumbuka kwamba ana mhasibu. Kisha Julai. Wageni huulaani ukungu wa Julai na ile rasharasha isiyoisha. Mimi naona hakuna mwezi bora wa kusoma katika miji yote ya huku, kuanzia Kerugoya hadi Nanyuki. Hakuna anayekuja kukutembelea. Huo nikautengea mitihani ya mazoezi, nikianza na miwili inayotolewa bure na wenye GMAT wenyewe.

Tarehe ikaangukia Agosti. Kulikuwa na hesabu nyingine hapo: GMAT inaruhusu kurudia baada ya siku 16. Agosti ikiharibika, Septemba bado ipo, na kahawa haijaanza kuiva.

Hayo ni ya mwaka. Lakini badiliko lenyewe lilitokea ndani ya dakika mbili, na hapa naomba nikae kidogo.

Nilinunua kaunta buku Karatina, nikachora safu tatu kwa kila swali nililolikosa: sikujua, nilijua ila nikasoma vibaya, nilichelewa. Nilitarajia safu ya kwanza ndiyo ijae, maana nimetoka shule miaka mingi. Iliyojaa ni ya tatu. Maswali niliyoyaweza, nilikuwa nikiyakosa kwa kuwa nililipa muda wake kwa swali jingine lililonishinda.

Chanzo hakikuwa mbali. Karatasi ya hesabu ya KCSE ina maswali 16 ya lazima, kisha sehemu ya pili unachagua 5 kati ya 8. Ukikosa jibu lakini njia yako ni safi, msahihishaji anakupa alama za njia. Kwa hiyo sisi tumelelewa kupigana na swali mpaka kengele, tukiandika kila hatua. GMAT haioni njia. Inaona kitufe ulichobofya. Sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na sekunde chache kwa kila moja, na kompyuta huchagua swali lijalo kwa kufuata ulivyojibu yaliyotangulia. Huwezi kuliruka. Unabahatisha, unaliwekea alama, unasonga mbele. Ukimaliza sehemu na muda umebaki, unaweza kurudi kubadilisha majibu yasiyozidi 3. Ukiyaacha ya mwisho bila kujibu, unaumia zaidi kuliko kukosa.

Kubahatisha kwa makusudi kuliniuma mkononi. Lakini ndiko kulikonipangia wiki. Badala ya kutafuta saa tatu mfululizo, ambazo hazikuwapo, nilianza kufanya maswali 10 kwa dakika 21, simu ikihesabu, kabla ya mtoto kuamka. Dakika 21 zinapatikana hata katika nyumba yangu. Kwenye matatu ya kwenda Karatina sikufanya maswali kabisa; muziki ule haukuruhusu. Nilifungua kaunta buku nikasoma makosa ya jana.

Vitabu vya mitumba vilinifunza kuacha kwa namna nyingine. Vile vya zamani vinavyouzwa kando ya barabara Nairobi vina jiometri, vina kusahihisha sentensi, vina insha. Mtihani mpya umeondoa yote matatu. Nilibana kurasa hizo kwa klipu na sikuzifungua tena, na kwa mtu aliyependa jiometri hilo si dogo.

Tabia ile ya kuacha ikavuka mipaka ya mtihani. Kwetu akifa mtu, kamati ya mazishi huketi kila jioni, na kila kamati hutafuta mweka hazina. Mhasibu haulizwi kama anataka. Ongeza ruracio, sherehe za mahari za Jumamosi, ongeza chama cha akina mama, ambako pia kitabu cha michango kilikuwa mikononi mwangu. Mazishi sikuacha kwenda, mtu haachi. Niliacha kushika pesa. Katika kikao cha kwanza nilipokataa, mama mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kwamba masomo yamenipanda kichwani. Nilinyamaza, nikachanga fungu langu, nikaenda nyumbani mapema. Kazi ile akapewa kijana wa M-Pesa, na vitabu vyake, nikiri, ni visafi kuliko vyangu.

Ya Nairobi si mengi. Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani kwa intaneti, ila stima ya mtaani kwetu siiamini, nikaenda kituoni na kulala kwa dada yangu Roysambu. Nilianza na Uchambuzi wa Data, kwa sababu mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe na pale ndipo kikokotoo kinaruhusiwa. Nilibahatisha maswali kadhaa bila kujuta. Skrini ikaonyesha 635. Alama hudumu miaka 5, kwa hiyo maombi ya shule nayapeleka kwa mpango, baada ya malipo ya wakulima kukamilika.

Juzi dada mmoja wa kiwanda cha chai, upande wa Othaya, alinipigia akiomba nimtumie ratiba yangu kwa WhatsApp. Nilimkatalia. Chai huchumwa mwaka mzima na mvua ndiyo huijaza, maana yake miezi niliyokuwa na vitabu yeye ana magunia; halafu Oktoba, nikizama mimi, wao wanashughulikia bonasi. Nilimwomba anitumie kwanza kalenda ya kiwanda chao, pamoja na orodha ya kamati zote anazoshikia pesa. Kalenda imefika. Orodha bado anaiandika.