Jiko la Bawabu

Nilipokuwa ghulamu, nikienda kila Jumamosi kujifunza klarineti katika Konsavatoa ya Muziki ya Kenya, chuo kilichoasisiwa mwaka 1944 na ambacho jirani yake ni ule Ukumbi wa Taifa wa Maigizo uliofunguliwa 1952, niliamini pasi na shaka kwamba ala ile ni ya Wazungu tangu mdomo wake hata kengele yake, na kwamba ngoma mahali pake ni nje: arusini, matangani, au uwanja wa ndege siku ya kumlaki mkubwa wa serikali. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Ilitosha kutazama ni ala zipi zilizopita mlango wa mbele.

Wa kwanza kunitikisa alikuwa mzee wa Kikamba aliyekuwa akiuza vinyago mjini, ambaye aliiomba klarineti yangu, akaigeuzageuza, akaipima uzito kiganjani, kisha akanirudishia akisema, "Mwanangu, huu ni mpingo." Nikacheka. Baadaye nikasoma kwamba hakukosea: Denner, fundi wa Nuremberg, ndiye anayehesabiwa kuwa aliyeiunda, mapema katika karne ya 18, bali klarineti bora za leo aghalabu huchongwa kwa mpingo utokao kusini mwa Tanzania, pande za Kilwa na Lindi, na kaskazini mwa Msumbiji. Mti huondoka kwetu ukiwa kigogo, ukarudi na vitufe vya kumetameta na bei isiyotamkika mbele ya wazazi.

Mwenzangu wa kupiga naye muziki nilimpata Kangemi, mtaa wa Nairobi. Ni mpiga isukuti, zile ngoma tatu za Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, kubwa, ya kati na ndogo, alizozizoea misibani tangu utotoni. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka; walakini mtu aliyelala Kangemi au Kawangware usiku wa kuamkia safari ya maiti kwenda magharibi asingedhani kuwa ngoma hiyo ina maradhi yoyote.

Tulianza kwa taabu. Rafiki yetu alitutungia kipande kipya cha klarineti na ngoma, ambacho mizani yake ilibadilika karibu kila mstari, nami nilikipiga macho yakiwa karatasini, nikihesabu kimoyomoyo kama karani wa ghala, ilhali mwenzangu karatasi hakuitazama kabisa; aliniomba nimwimbie sehemu yake mara mbili tu, akafumba macho. Nikasema moyoni, huyu atapotea. Aliyepotea nilikuwa mimi, tena mara tatu, naye kila mara alinisubiri pale pale pa kuingilia.

"Ndugu yangu," akaniambia, "wewe wahesabu. Mimi nasikiliza unapovuta pumzi."

Tangu siku hiyo niliacha kuificha pumzi yangu, jambo ambalo walimu wangu walikuwa wamelikataza miaka mingi, na mtunzi naye, alipoandika kipande cha pili, sehemu ya ngoma aliiacha bila noti hata moja, akatia alama tu za mahali nipumuapo.

Maonyesho yetu ya awali yalikuwa mwezi wa Aprili, katika ukumbi mdogo katikati ya mji, mvua ikinyesha. Baridi ya Nairobi huishusha sauti ya klarineti, na unyevu huilegeza ngozi ya ngoma, basi sote wawili tulihitaji joto, na moto ndani ya ukumbi ni marufuku. Bawabu alikuwa na jiko lake kibarazani, akichoma mahindi. Akayasogeza mahindi, tukaziotesha ngoma moto; klarineti niliikumbatia kwapani, kwani mpingo ukipashwa ghafla hupasuka.

"Na hizi ngoma," akauliza, "zitaingia humo ndani?"

Siku hizi tukifika tunalikuta jiko limekwisha kuwashwa, na kiti cha bawabu kimehamia upande wa ndani wa mlango.