Gari Kuukuu na Mashahidi Wake

Juma hili tunawaandikia kwa mikono ambayo bado inanukia petroli. Wengi wenu mnaifahamu Land Rover ya parokia, Series III yenye injini ya lita 2.25, ambayo usiku hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Mwaka huu tuliiondolea kabureta na kuifungia mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, kazi tuliyoifanya wenyewe pamoja na fundi wetu.

Mliuliza: kulikuwa na haja gani? Kabureta ni chombo chenye hekima yake. Hewa ikipita katika koo lake jembamba, huvuta petroli kupitia vitundu vilivyopimwa kiwandani. Lakini vitundu hivyo havijui kama gari liko bondeni au mlimani. Tukipanda Kitonga kuelekea Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa huwa pungufu kwa karibu asilimia 15, ilhali petroli haipungui kwa kiasi hicho. Mchanganyiko huwa mzito, moshi hutoka mweusi, plagi hujaa masizi na nguvu hupotea, pale pale inapohitajika.

Dawa yake si jambo geni. Tangu mwaka 1967 Volkswagen 1600 iliuzwa ikiwa na mfumo wa namna hii uliotengenezwa na Bosch. Jipya ni kwamba mtu wa kawaida anaweza kuujenga. Mwaka 2001, Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, kompyuta ndogo ya injini ambayo mnunuzi aliunganisha vipande vyake mwenyewe kwa risasi ya kulehemu. Sisi tulitumia kifaa cha ukoo huo.

Kompyuta hiyo huuliza maswali machache: mgandamizo wa hewa inayoingia, joto la hewa hiyo, joto la maji ya injini, kiasi mlango wa hewa ulivyofunguka, na mwendo wa injini, unaosomwa katika waya wa koili. Kisha huamua nozeli ifunguke kwa elfu ngapi za sekunde, ikitafuta uwiano wa karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli.

Mpira wa zamani wa petroli tuliutupa, kwa maana pampu ya kabureta husukuma kwa mgandamizo usiofika nusu ya bar, na mfumo wetu hutaka bar 1. Mpira ukipasuka juu ya bomba la moshi lenye moto, gari huteketea. Katika hilo tulikuwa waangalifu. Uzembe wetu ulikuwa kwingine.

Usiku mmoja wa masika tulikuwa tukimpeleka mama mjamzito hospitalini. Katikati ya njia injini ilianza kukohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Mama alikuwa akiugulia kiti cha nyuma, na sisi tulisimama gizani tukilitazama gari tulilojivunia. Mungu si Athumani, pikapu moja ilipita, ikamchukua, naye akajifungua salama. Lakini nusu saa ile hatutaisahau.

Fundi alimulika tochi, akaonyesha waya mmoja uliochomoka: ule wa kipimo cha joto la maji. Tuliuunga sisi wenyewe, kwa kusokota na kuzungushia utepe, ingawa alikuwa ametuagiza tuulehemu. Waya ukikatika, kompyuta husoma kwamba injini ina baridi kali mno, nayo humwaga petroli kwa wingi.

“Baba Paroko,” alisema kwa upole, “kompyuta haikukosea. Iliambiwa kuna baridi, ikaamini.”

Maneno hayo tumeyatafakari juma zima. Tulidhani tumenunua chombo cha kutuondolea kazi ya kuwa macho. Kabureta ilikuwa na ukaidi wake, lakini tuliisikia kwa masikio na kuirekebisha kwa bisibisi. Kompyuta hutii kuliko mtumishi yeyote, na kwa sababu hiyo humtii hata shahidi wa uongo. Kazi ya uangalifu haikuondoka. Imehama kutoka kwenye bisibisi kwenda kwenye waya.

Sasa viungo vyote vimelehemewa. Kabla ya kila safari tunafungua boneti na kugusa waya mmoja mmoja, na Kitonga gari linapanda bila moshi. Nasi tumejifunza kujiuliza, kabla ya kutoa hukumu juu ya jambo au mtu: je, waliotuletea habari tumewakagua, au tumewasokota tu na kuwazungushia utepe?