Sijalewa, napiga picha!

Mpenzi msomaji, ukipita njia ya Kwihara hapa Tabora, jioni jua linapoanza kulegea, halafu ukaona njemba zima limelala kifudifudi pembeni ya njia, shavu kwenye mchanga, usikimbilie kusema limezidiwa na gongo. Wala usiite mgambo. Huyo ni mimi, na sijalewa. Napiga picha.

Picha za nini? Hapo ndipo watu wanaponicheka. Napiga picha za dinosaria. Ndiyo, wale wanyama wakubwa waliokwisha zamani hizo. Ila wa kwangu ni wa plastiki, na toka unyayo hadi utosi ana sentimita 15 tu.

Kabla hujafungua ukurasa wa michezo, ngoja nikupe mkanda mzima.

Mimi na mama wa mwanangu tuliachana. Sababu tuziache, kila mmoja ana zake na nafasi ya gazeti ni ndogo. Yeye akaenda Dar na mtoto, mimi nikabaki hapa na kibanda changu cha kutengeneza simu. Dogo alikuwa na miaka sita. Mawasiliano yakawa kwa simu ya mama yake, na mawasiliano yenyewe, jamani, utadhani ya makarani: "Umetuma?" "Nimetuma." "Imefika." Basi.

Nikiomba kuongea na kijana anakuja hewani. "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." "Shule?" "Nzuri." Halafu kimya. Mtoto wa miaka sita utamuuliza nini zaidi, bei ya sukari? Dakika mbili nyingi, anarudisha simu anakimbilia katuni. Mimi nabaki naitumbulia macho simu yangu, fundi mzima, na ubovu siuoni.

Siku moja nafagia chumba, chini ya kitanda nikakuta dinosaria. Alimsahau siku wanaondoka. Ni yule mwenye meno makali na vijikono vifupi, T. rex, rangi ya kijani, mguu mmoja umetafunwatafunwa. Nikamweka dirishani. Jioni jua likampiga kwa nyuma, kivuli chake kikapanda ukutani mpaka darini, nikashtuka mwenyewe. Nikapiga picha, nikaituma bila maneno.

Dakika tano hazijaisha, sauti ikaingia. Siyo ya mama mtu. Ni dogo anapiga kelele: "Baba! Kumbe yupo! Mtoe nje, humo ndani atavunja nyumba!"

Ndugu yangu, hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia toka waondoke.

Kesho yake Jumapili nikamtoa nje kweli. Nikamsimamisha uani, nikapiga picha nikiwa nimesimama. Ovyo kabisa! Ukimpiga kwa juu anaonekana takataka iliyodondoka. Dogo hakunionea haya: "Baba, huyo ni mdogo." Nikajaribu tena, nikatuma. Jibu: "Baba, naona kizibo cha soda. Kichwa chake ni sawa na kizibo." Mtoto ana jicho huyo, we acha tu.

Basi nikajifunza kazi polepole, kwa kukosea. La kwanza, jicho la kamera lazima liwe chini, usawa wa goti la mnyama au chini zaidi. Simu igeuze kichwa chini miguu juu, ili lenzi iguse mchanga kabisa. Hapo sentimita 15 zinapanda mpaka mawinguni. La pili, safisha uwanja. Kizibo, kijiti cha kibiriti, hata ganda la karanga linakuumbua, maana kila mtu anajua ukubwa wake. La tatu, saa. Saa sita mchana plastiki inang'aa kama sahani. Subiri saa kumi na moja jioni, au damka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga ukija kwa ubavu ngozi yake inaonekana ngozi.

Na Tabora, wenzangu, ndiyo nyumbani kwake. Tuna vichuguu. Kichuguu ukikitazama ukiwa umesimama ni kero kwa mkulima tu. Kitazame ukiwa umelala, huo ni mlima. Mvua za kwanza zikinyesha, vimea vya urefu wa kidole vinageuka msitu. Kiangazi vumbi linaninginia hewani, nyuma ya mnyama kunakuwa na ukungu, utasema ni dunia ya mwanzo.

Kila Jumapili nikawa natuma picha moja. Tukawa na mazungumzo, maana mtoto kumbe ana maneno mengi, alikosa tu pa kuyaanzia. Siku moja akaniuliza: "Baba, T. rex aliishi Tabora?"

Nikakwama. Mimi habari za dinosaria nilizipata kwenye kibanda cha video, enzi za ile sinema ya Jurassic Park ya mwaka 1993, tumebanana kwenye benchi, joto kama tanuri. Ningeweza kumwambia ndiyo, tukamaliza. Lakini baba anayeishi mbali hana haki ya kudanganya hata kidogo, kwa sababu akigundulika hayupo karibu kujitetea. Nikaingia kusoma.

Jibu la kwanza likawa la kukatisha tamaa: T. rex ni wa Amerika Kaskazini. La pili likawa baya zaidi. Mawe yetu ya huku Unyamwezi ni granaiti ya kale mno, yana zaidi ya miaka bilioni 2. Yalikuwapo zamani kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa. Kutafuta mifupa yao humo ni sawa na kutafuta picha ya mjukuu kwenye albamu ya babu alipokuwa mtoto.

Lakini la tatu, mwenzangu, liliniinua kitini. Tanzania hii hii, mkoa wa Lindi, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba pale mifupa ya dinosaria wa miaka kama milioni 150 iliyopita. Wakubwa wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini msimamizi aliyeijua kazi alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na chini yake mamia ya wafanyakazi. Yakatoka zaidi ya tani 200 za mifupa. Na iliondokaje? Kichwani na begani! Wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, ikapakiwa melini. Mwaka 1937 mmoja akasimamishwa Berlin, shingo ndefu, kimo chake mita 13.27. Mpaka leo yupo pale, watu wanakata tiketi kumwona.

Nikamsimulia dogo. Kimya kidogo, halafu akasema: "Sasa wewe tafuta wa shingo ndefu. Huyo ndiyo wa kwetu."

Nikaenda sokoni, nikamkuta kwenye turubai la mmachinga, kachanganywa na vibanio vya nywele na betri za tochi. Shingo ndefu, rangi ya udongo. Huyo ndiye wa sentimita 15 niliyekutajia mwanzo. Nikapiga hesabu: yule wa Berlin amemzidi mara 88 hivi. Maana yake kichuguu cha mita 2, kwake ni mlima wa mita 176. Raha iliyoje!

Ndipo nikamchukua mpaka Kwihara. Wengine mnapajua, kuna tembe la Livingstone. Mzee huyo wa Kiskoti mwaka 1872 alikaa pale miezi akisubiri wapagazi waletwe. Njia ya misafara ilipita huku: pembe za ndovu zikienda Bagamoyo, nguo na shanga zikija bara, na mabega yaliyobeba mengi yalikuwa ya Wanyamwezi. Nilitaka picha ya mnyama wetu kwenye njia ile, miembe kwa nyuma. Najua, enzi zake miembe haikuwapo, hata nyasi hazikuwapo. Lakini na mimi nina haki zangu.

Nimelala hapo, nimechimba kishimo kidogo miguu yake isiteleze, nikasikia baiskeli inasimama. Wazee wawili. Mmoja ana galoni la asali nyuma.

"Kijana, unafukua nini hapo?"

Nikaruka. "Shikamooni wazee."

"Marahaba. Tunauliza, unafukua nini?"

Nikaelewa. Wenyeji wanajua, bara yote hii kuna watu wanahangaika usiku na mchana kutafuta mali waliyoacha Wajerumani. Rupia, dhahabu, sijui nini. Mtu aliyelala chini karibu na tembe la kale, ana kishimo, anaongea peke yake (ndiyo, huwa naongea naye), utamdhania nini? Kama siyo mtafuta rupia basi mchawi. Jasho likanitoka.

Nikamtoa dinosaria. "Mzee, nampiga picha huyu."

"Twiga?"

"Siyo twiga mzee. Huyu ni mnyama wa zamani, alikuwa huko Lindi. Mifupa yake Wajerumani waliibeba wakaipeleka kwao."

Mzee wa asali akamshika, akamgeuzageuza. "Waliibebaje?"

"Waliwabebesha watu. Kichwani."

Akacheka kicheko kikavu. "Unaona," akamwambia mwenzake, "vijana wanamaliza majembe kutafuta mali aliyoiacha Mjerumani. Kumbe Mjerumani mali hakuacha. Alibeba."

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akavua kofia, akaikunja ikawa kata, akaiweka utosini, na juu yake akamsimamisha dinosaria. Akanyoosha mgongo. "Babu yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Nipige."

Nikampiga. Nilipiga nikiwa nimelala, nimekwisha zoea. Kwenye picha ile mzee ni mrefu kama mvule, na mnyama yuko juu kabisa, anachungulia Bagamoyo.

Usiku nikaituma Dar. Nilitegemea kelele za dogo. Badala yake ikaja sauti ya mama yake. Kwanza anacheka, kile kicheko nilichokisahau, cha kuvuta pumzi katikati. Kisha akasema: "Huyu mzee umemtoa wapi? Mtoto kalala, lakini mimi nimeiangalia mara tatu." Akanyamaza kidogo. "Likizo ya Desemba anaweza kuja. Ila usimlaze kwenye matope."

Usinielewe vibaya, msomaji, hatukurudiana, na sidhani kama tutarudiana. Hii siyo hadithi ya hivyo. Lakini toka siku ile tunaongea kama watu waliowahi kupendana, siyo kama mdai na mdaiwa.

Desemba akaja kwa treni, karefuka, jino moja hana. Matope tulilala, nisikudanganye. Aliniletea habari: kuna mwingine wa kwetu, alipatikana bonde la Rukwa, na mwaka 2019 wataalamu wakampa jina la Kiswahili kabisa, Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto, na moyo ni kwa sababu mfupa wake mmoja wa mkia una umbo la moyo. Wiki nzima nyumba ilikuwa Mnyamawamtuka asubuhi, Mnyamawamtuka jioni. Tulipiga picha nyingi, na zile nzuri, nakiri, ni zake.

Siku ya kuondoka, stesheni, nikamfungia dinosaria wote wawili kwenye mfuko, safari hii asisahau. Akafungua, akamtoa wa shingo ndefu, akanirudishia.

"Huyu abaki," akasema. "Usije ukakosa kazi Jumapili."

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukinikuta njia ya Kwihara nimelala chini, nisalimie tu upite. Ila angalia unapokanyaga. Mkia wake ni mrefu.