Mkono wa Idi

Mwaka 2014 nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, kulikuwa na kitu kimoja kisicholala, nacho ni kompyuta yangu. Mama akiingia kulala huiacha yavuma, akiamka kuswali alfajiri huikuta yavuma vile vile. "Yafanya nini hiyo usiku kucha?" aliniuliza siku moja. Nikamjibu kwamba yachimba. Akanitazama kidogo, kisha akaenda zake jikoni.

Iliyonitia wazimu ule ni Dogecoin, sarafu ya mtandaoni iliyoanza Desemba 2013 kama mzaha, nembo yake mbwa. Mimi sikuvutwa na mbwa, nilivutwa na maji. Machi ile, watu wenye sarafu hizo, wengi wao wa ng'ambo, walichangishana zaidi ya milioni 40, thamani yake kama dola 30,000, ili kuchimba visima katika bonde la mto Tana. Tana hapa hapa jirani! Niliona haya kwamba watu wasioweza hata kuuonyesha mto huo kwenye ramani wananitangulia.

Nikamwagizia jamaa aliyekuwa akirudi kutoka Dubai aniletee kadi ya grafiki, GTX 750 Ti, ndogo na isiyokula umeme sana. Kazi yenyewe ya kuchimba sarafu ni kubahatisha tu. Kompyuta hujaribu namba moja baada ya nyingine mpaka ipatikane inayokubaliwa na mtandao mzima, na kila dakika moja hivi hupatikana mshindi. Yangu ilijaribu mara 270,000 kila sekunde. Ukisikia hivyo waweza kudhani ni nyingi, mpaka ujue wenzako wana mashine ngapi. Peke yangu ningengoja miezi, kwa hivyo nilijiunga na kundi la wachimbaji, tukawa twagawana kila mtu kwa jasho la mashine yake.

Aprili nilipata kama sarafu 1,500 kwa siku. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari: thamani yake shilingi 70, umeme shilingi 60. Faida shilingi 10, na feni nimenunua mbili maana joto la Mombasa halikuwa rafiki wa kadi ile. Mwisho wa Aprili zawadi ya mshindi ikakatwa nusu, kutoka 250,000 hadi 125,000, na Julai ikakatwa tena. Kuanzia hapo nikawa nachimba hasara, na Mama alilijua hilo kabla yangu. Tokeni za umeme za shilingi 500 zilizokuwa zikitufikisha wiki sasa zaisha siku nne.

Basi nikasema, kama si biashara, na iwe zawadi. Idi ilikuwa yaja. Wapwa zangu ni sita. Nikamtengenezea kila mmoja pochi ya karatasi yenye sarafu 1,000. Juu imeandikwa anwani ya kupokelea, chini ufunguo wa siri, mlolongo wa herufi na tarakimu 51. Anayeujua ufunguo huo ndiye mwenye mali. Nilizichapa kwa printa ya wino, nikazikata vizuri, nikazitia kwenye bahasha.

Watoto walifungua bahasha, wakatazamana. Wa miaka minane akauliza, "Mjomba, nikienda nayo Makadara nitapanda pembea?" Nikatoa shilingi 100 kwa kila mmoja, na hiyo ndiyo waliyoishukuru. Kwa bei ya siku ile, sarafu 1,000 zilikuwa kama shilingi 20 hivi.

Aliyezichukulia karatasi zile kwa uzito ni ami yangu, mzee wa msikitini, ambaye hata simu yake ilikuwa ya kubonyeza. Alinitaka nimweleze, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na huo ufunguo, wewe huna?"

"Ninao, ami. Umo kwenye kompyuta."

"Basi hujampa mtu kitu. Hiba haitimii mpaka ikabidhiwe. Umewapa watoto mlango, na ufunguo umebaki nao mfukoni."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijasoma maelezo ya sarafu hizi yaliyofika pale alipofika mzee yule kwa swali moja. Usiku nikafuta nakala zote, hata kwenye flashi. Mpwa mkubwa, wa miaka 15, nilimfundisha atengeneze pochi yake mwenyewe, nami nikamtumia. Hiyo ndiyo njia safi, lakini huwezi kumfanyia hivyo mtoto anayelilia pembea.

Yule mkubwa aliuza zake mwishoni mwa 2017 akanunua viatu. Karatasi nne zilipotea, hakuna aliyezitafuta. Mei 2021 bei ikaruka, sarafu moja ikapita senti 70 za Marekani, na zile 1,000 zikawa zaidi ya shilingi 70,000. Simu zikaanza. "Mjomba, nakala huna?" Sina. "Hata moja?" Hata moja.

Aliyetaka kupanda pembea alipekua kabati la mamake akaipata yake chini ya gazeti la kutandikia. Kabati lile liliwahi kuvujiwa na mvua. Anwani yasomeka, na ukiiangalia mtandaoni zile 1,000 zimo, hazijaguswa. Katika ufunguo, herufi tisa zimekuwa doa la buluu.

Siku hizi asomea kompyuta. Juzi alikuja na hesabu yake: kila nafasi katika zile tisa yaweza kuwa na herufi au tarakimu moja kati ya 58, kwa hivyo kwa kasi ya kadi yangu ile kujaribu michanganyiko yote kungechukua miaka zaidi ya 800. Ila kadi za sasa, akasema, zina kasi mara nyingi zaidi, yaweza kuwa miezi tu, mashine ikiachwa yavuma usiku na mchana. Alikuwa akiomba tuiweke chumbani kwangu.

Mama alikuwa kibarazani akichambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Na tokeni atanunua nani?"