Barua kutoka Munuki: Usimwage maji kabla ya kuyapima

Munuki, Juba

Ndugu zangu wa Mombasa,

Mimi sijambo, ila joto. Kule nyumbani tulizoea kulalamika mwezi wa tatu, lakini la huku ni jingine kabisa: Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto, na Februari 2025 ikazifunga tena baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Ukisimama barabarani Munuki saa nane mchana ukiutazama mlima Jebel Kujur, vumbi na mvuke huufanya uonekane kama unatetemeka.

Wengi mkinipigia simu huniuliza fundi wa mabwawa na majakuzi anafanya nini katika mji ambao watu hununua maji kwa pipa. Swali lenu ni la haki. Nataka nilijibu leo kwa kirefu, kwa sababu najua baadhi yenu mmeanza kuweka majakuzi kwenye nyumba za wageni kule Nyali na Diani, na ninayoyaona huku yatawafaa.

Nianze na maji yenyewe. Nyumba nyingi za Munuki hazina bomba. Maji huvutwa kutoka Bahr el Jebel, yaani Nile Nyeupe, yakapakiwa kwenye maboza na kumiminwa majumbani, kwenye pipa la lita 200 au tangi la plastiki. Asiyefikiwa na boza huletewa madumu ya lita 20. Wapo wenye visima vilivyochimbwa kwa mashine, lakini visima vingi vya Juba hutoa maji ya chumvichumvi. Sasa jakuzi la watu wanne au watano huchukua kama lita 1,500, ambazo ni mapipa saba na nusu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata duniani kote, vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Pigeni hesabu wenyewe: jakuzi moja ni maji ya watu 100 kwa siku nzima.

Ndiyo maana huwa napokea simu za wateja hata saa nne usiku, ambayo kwenu ni saa tano, maana Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma Februari 2021. Jakuzi likitunzwa hukaa na maji yale yale mwezi mzima. Likipuuzwa, maji huharibika kwa siku chache tu, mwenyewe akayamwaga, akaita boza jingine. Boza hilo lingekwenda kwa jirani. Mwenye jakuzi Munuki ana haki ya kuwa nalo, wala simlaumu. Ila akishalijaza, ana deni la kuyatunza yale maji, na kazi yangu ni kumsaidia kulilipa.

Wateja wangu wengi ni wasimamizi wa nyumba za wageni na wa makazi ya wafanyakazi wa mashirika. Kuna dada mmoja aliyekulia kambini Kakuma, Kiswahili chake hamwezi kukitofautisha na cha Mkenya. Alinipigia simu karibuni.

“Fundi, maji yamekuwa ya kahawia. Niite boza?”

“Usiite, dada yangu. Ulijaza ya mto au ya kisima?”

“Ya kisima.”

“Yaligeuka rangi kabla ya kutia klorini au baada?”

“Baada tu. Nilitia, nikaona yanageuka mbele ya macho yangu.”

Kwa majibu hayo mawili nilijua. Maji ya kisima yana chuma kilichoyeyuka, nacho hakionekani kwa macho. Klorini ikikutana nacho hukifanya kutu, na kutu ndiyo ile kahawia. Maji hayajaoza, wala mashine haijaharibika. Nilimwambia aache pampu izunguke, atoe filta kila baada ya saa chache aisukutue kwenye ndoo, airudishe. Kesho yake jioni maji yalikuwa yamesafika, na mapipa saba na nusu yamebaki mahali pake. Na akijaza tena, maji ya kisima ayaweke kwanza kwenye tangi, atie klorini kidogo humo, ayaache yatulie usiku kucha, kisha avute ya juu tu.

Nimeyaandika mazungumzo hayo kwa sababu yanaonyesha huduma kwa mteja ni nini. Ni kuuliza. Fundi anayejibu kabla ya kuuliza humuuzia mtu dawa asiyoihitaji. Mimi huuliza maji yametoka wapi, yamejazwa lini, wameoga watu wangapi, na kitu gani kilitiwa mwisho. Picha za simu husaidia, lakini kwa kikaratasi cha kupimia nataka mteja mwenyewe anisomee namba, kivulini, kwa kulinganisha na rangi za kwenye kopo. Rangi ya kioo cha simu haiaminiki.

Maji ya mto yana tabu yake. Mvua zikianza, kuanzia Aprili, mto hubeba tope. Tope hilo huziba filta na kuilisha klorini vitu vya kuipotezea nguvu. Dawa yake ni shabu, ile ile waliyotumia bibi zetu kwenye mitungi: unaitia kwenye tangi, unakoroga, unaacha tope lishuke. Kwenye kingo za Nile huko Sudan wanawake walikuwa wakitumia mbegu za mlonge zilizotwangwa, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliuchunguza utaratibu wao kwa miaka mingi akathibitisha kuwa unafanya kazi. Kwa maji ya nyumbani ni elimu ya thamani kubwa. Kwa jakuzi nashauri shabu, kwa kuwa mlonge huacha mabaki ya mmea ndani ya maji, na mabaki hayo hula klorini.

Klorini ndipo watu wanapokosea zaidi, na hapa naomba mnisome taratibu. Maji ya kunywa yakifika kwa mtumiaji hutakiwa yawe na miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini huru kwa lita. Bwawa la kuogelea angalau 1. Jakuzi angalau 3, kwa sababu maji ni ya moto, ni machache, na watu wamekaa karibu karibu wakitoka jasho. Watu husikia hivyo wakadhani wanahitaji vikombe. Lita 1,500 zisizo na klorini kabisa, ukizitia ile ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, zinahitaji gramu 7 hivi kufikia hiyo 3. Ni kijiko cha chai na kidogo juu yake. Unapima, unatia, unangoja, unapima tena.

Lakini namba ya klorini peke yake haitoshi. Kuna pH. Ikiwa 7.2, karibu thuluthi mbili za klorini yako ziko katika hali inayoua vijidudu. Ikipanda hadi 8, inabaki kama sehemu moja kati ya tano. Mtu anaweza kumwaga klorini kila siku, kipimo kikaonyesha ipo, na maji yakabaki machafu. Kaeni kati ya 7.2 na 7.8, na mrekebishe pH kabla ya kuongeza klorini. Jambo jingine linalowachanganya wengi ni vile vidonge vya kupimia vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Klorini ikizidi sana, huifuta ile rangi, kipimo kikaonekana kama sifuri. Mteja anaona maji meupe, anaongeza nyingine. Nikishuku hivyo, humwambia achanganye maji ya jakuzi na maji safi nusu kwa nusu, kisha apime upya.

Na ile harufu kali inayochoma macho, ambayo watu huichukulia kuwa dalili ya klorini nyingi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kujishika na jasho na mkojo. Tiba yake si kuacha kutia.

Nizungumzie hatari, kwa kuwa hapa sina mzaha hata kidogo. Klorini ya unga isichanganywe na asidi, wala na klorini ya aina nyingine, hata kwa kutumia kijiko kimoja ambacho hakijaoshwa na kukauka. Hutoa gesi yenye sumu, na inaweza kuwaka moto. Asidi hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi ndani ya asidi. Ndoo zikae kivulini, mbali na jenereta na dizeli, mahali ambapo mtoto hafiki. Na jakuzi lisilo na breka ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, mimi siliwashi hata mwenyewe akasirike.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote huku ni maji vuguvugu. Wageni wa Juba hawataki maji ya nyuzi 40 wakati nje kuna nyuzi 42. Huzima hita, na hilo ni sawa. Tatizo huja pale wasimamizi wanapofikiri kuwa hita ikizimwa, matunzo nayo yanaweza kupumzika. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 25 na 45. Kwa Juba, maji yaliyoachwa tu nje yamo ndani ya kiwango hicho. Yupo pia Pseudomonas, anayeacha vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo siku chache baada ya kuoga, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana. Hita ikizimwa, klorini ibaki pale pale na pampu izunguke kila siku.

Chombo hiki kilianza kama tiba. Ukoo wa Jacuzzi ulikuwa wa wahamiaji wa Kiitaliano huko California, mafundi wa pampu. Candido Jacuzzi alikuwa na mtoto aliyeugua ugonjwa wa viungo tangu udogoni, na katika miaka ya 1950 kampuni yao ikatoa sokoni pampu ya kutumbukizwa kwenye beseni la kuogea ili kumkanda mgonjwa. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi akatoa beseni lenye pampu yake ndani. Nikiwafundisha vijana wa kazi huwapa kipimo hicho: maji yawe ya kumtia mgonjwa bila hofu.

Povu ni jambo dogo. Huletwa na sabuni iliyobaki kwenye nguo na mafuta ya mwilini. Hapa watu hujipaka mafuta ya shea, mazuri sana kwa ngozi lakini adui wa filta. Mgeni aoge kwanza. Ndoo moja ya kuoga huokoa mapipa saba. Na mashine ikiandika FLO, msiite fundi wa umeme. Mara nyingi ni filta imeziba kwa vumbi au maji yamepungua. Kuweni na filta mbili, moja ikifanya kazi nyingine ikauke.

Siku ya kumwaga lazima ifike, hata kwa aliyetunza vizuri, kwa sababu chumvi na mabaki hurundikana. Lita 1,500 zinazotumiwa na watu wanne kila siku, baada ya mwezi zimechoka. Acheni kutia klorini siku kadhaa, fungueni kifuniko jua liimalize, mpime mpaka isome sifuri, kisha maji hayo yatumike kwa vyoo, kuosha magari na kulaza vumbi la uani. Msiyaelekeze kwenye khor, vile vijito vya msimu, maana kuna watoto wanaochezea humo.

Kipindupindu kilitangazwa tena nchini Oktoba 2024. Katika mji wenye historia hiyo, klorini ni ulinzi wa uhai. Kila ninapoona kikombe kizima kinamiminwa pale penye haja ya kijiko, huwaza ni mapipa mangapi ya maji ya kunywa kingelinda.

Ombi langu la mwisho ni kwenu mnaouza dawa hizi Mombasa. Ndoo nyingi tunazotumia hushuka Kilindini, zikapita Malaba, Uganda, Nimule, na kilomita 192 za lami hadi Juba, chini ya turubai lenye joto. Njiani klorini hupungua nguvu. Andikeni tarehe ya kufungashwa, wazi, kwenye kila ndoo. Na maelezo ya matumizi, pamoja na onyo la asidi, yaandikeni kwa Kiswahili. Vijana wanaozifungua ndoo hizo hapa Munuki wamekulia Kakuma na kambi za Uganda, Kiswahili wanakisoma. Maandishi ya sasa, ya lugha za mbali, wengi wao hawayaelewi, na mikono inayoungua ni yao.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Munuki