Jiwe linalochemka na meno ya kwetu Meru

Kimya chote kilikuwa cha test, zimeisha Ijumaa. Leo nina stori ya jiwe, msikimbie!

Linaitwa zeolaiti. Jina alilitoa Mswidi mmoja, Axel Cronstedt, mwaka 1756, baada ya kulichoma na kuona linatoa mvuke kama linachemka. Kwa Kigiriki ndiyo maana yake: jiwe linalochemka. Ndani lina vyumba vidogo sana vyenye maji. Ukilichoma maji yanatoka, ila kuta hazianguki.

Kuta zenyewe ni silikoni, aluminiamu na oksijeni. Silikoni ina chaji +4, aluminiamu +3 tu, kwa hiyo kila aluminiamu inapokaa nafasi ya silikoni, ukuta unabaki na chaji moja hasi. Sodiamu, potasiamu au kalsiamu zinakaa vyumbani kusawazisha, lakini ni wapangaji tu, wanaweza kumpisha mwingine. Ndiyo maana baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 jiwe hili lilitumika kunasa sesiamu yenye mionzi.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Jamaa yangu wa Meru kanitumia meseji: kapata mtu anauza unga wa zeolaiti, eti ukitia kwenye ndoo floridi yote kwisha. Anunue debe ngapi? Wa kwetu mnajua, meno ya kahawia hatuzaliwi nayo, tunayanywa, na kuna watoto wanapinda miguu kabisa. WHO wanasema mwisho miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru vimepita hapo.

Nimemwambia asinunue. Floridi ni hasi, ukuta ni hasi, na hasi kwa hasi hufukuzana. Maabara wanaweza kuibadilisha zeolaiti kwanza ndipo inase floridi, lakini unga mbichi wa mfukoni ni bure. Mbaya zaidi, watu watakunywa bila wasiwasi. Mkaa wa mifupa, ule waliofanyia utafiti Ngurdoto, unanasa kweli, mradi ubadilishwe ukichoka.

Kajibu "poa" tu. Nasikia wanawe wawili meno ya utotoni yameanza kung'oka, ya ukubwani ndiyo yanakuja. Jumapili nampigia. Na wewe kama una ndugu huko, mfikishie.